Zablon Anakula

Mpendwa dada yangu, Sista Restuta,

Tumsifu Yesu Kristo, na baada ya hapo, shikamoo. Nimetanguliza salamu ya Kanisa kwa kuwa wewe ni mtawa, halafu shikamoo kwa kuwa ndiwe uliyenibeba mgongoni. Sijui huko monasterini utaratibu unataka ipi itangulie. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na baridi ya huko kilimani haikusumbui magoti. Mimi ni mzima. Watoto wako shule ya bweni, nao ni wazima, isipokuwa yule mdogo ameanza kutunga mashairi, na naambiwa ugonjwa huo huisha wenyewe.

Utaona sikuandika mahali juu ya karatasi kama tulivyofundishwa shuleni. Utaona pia mwandiko wangu umekuwa kama wa kuku. Mambo yote mawili yana sababu moja, nami nitaifikia. Usiruke ukurasa, najua tabia yako.

Kwanza nikupe msiba wa baba mdogo Bartolomayo kama ulivyokuwa, maana Mama Mkuu atakuwa alikupa habari fupi tu kwamba amefariki na anazikwa Gulwe, nawe kwa nadhiri zako hukuweza kutoka. Alikufa vizuri, kama kufa kuna uzuri wake. Asubuhi alikuwa amekaa barazani, mama mdogo akaingia ndani kuchukua sukari, na aliporudi mwenzake alikwisha kwenda. Watu walisema Bartolomayo hakuwahi kumuaga mtu maisha yake yote, angeanzaje siku ile.

Watu walijaa, dada. Wazee wa reli waliofanya naye kazi walikuja kutoka Kidete na Godegode, wengine wakikongoja na fimbo, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya mafuriko ya Kinyasungwe, namna mto ulivyokula tuta la reli na mnyapara Bartolomayo akasimama kwenye maji mpaka kiunoni, anapuliza filimbi, genge zima linajaza mawe. Nilisikiliza nikajisikia mtoto wa mfalme. Wewe unakumbuka jinsi nilivyompenda yule mzee. Chochote ninachojua kuhusu kazi nilikipata kwake, na mpaka leo nikichomelea geti naliangalia kwa jicho moja, jingine nimelifumba, kama yeye alivyokuwa akiangalia reli.

Jenifa pia alikuja. Hapa inanibidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hujui kwamba wifi yako aliondoka nyumbani mwezi wa kwanza.

Unajua karakana yangu iko hapo hapo uani Nkuhungu. Tangu serikali ihamie Dodoma, kila mtu anajenga, na kila anayejenga anataka geti na grili za madirisha, na anazitaka jana. Nilikuwa nikiamka na chuma na kulala na chuma. Jenifa akiniita kula, namjibu nakuja sasa hivi. Nadhani hayo ndiyo maneno niliyomwambia mke wangu mara nyingi kuliko mengine yote. Siku moja alichoka kuita, akaniletea ugali na mlenda palepale kwenye meza ya kazi, akaweka, akaenda zake. Jioni alikuja kuchukua sahani akaikuta ilivyo, isipokuwa sasa mlenda ulikuwa na vumbi la chuma juu yake. Hakupiga kelele. Aliosha ile sahani, akaifuta, akafunga nguo zake, akaniambia anakwenda kwao Mlali kumsaidia mama yake kilimo cha karanga, na kwamba siku nyumba ile itakapokuwa na mtu wa kula, apelekewe habari.

Mimi nikafikiri ni hasira za siku mbili tatu. Karanga zikapandwa, zikapaliliwa, zikachanua. Niliwaambia majirani amekwenda kumuuguza mama, na mkwe wangu, Mungu amsamehe, ana afya kuliko mimi.

Basi, turudi msibani. Utani wa Wagogo na Wahehe sina haja ya kukufundisha, ila umekaa ndani miaka mingi, labda umesahau ladha yake. Pale Gulwe yupo Anyesi, Mhehe aliyeolewa karibu na stesheni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe. Alianza mapema. Alikaa ukingoni mwa kaburi miguu ikining'inia ndani, akawazuia wachimbaji wasiendelee mpaka apewe jogoo, akisema ardhi haiwezi kumpokea Mgogo bila kiburudisho. Jogoo akaletwa. Akamkagua, akasema amekonda kama mwenye msiba, lakini atampokea hivyo hivyo.

Tulipotoka kuzika ndipo alipoingia ndani na kutoka amevaa koti la reli la baba mdogo, kofia yake na ile filimbi shingoni. Dada, nilishtuka. Mabega yalikuwa ya baba mdogo hasa. Alikaa kwenye mkeka, akajifanya ananawa mikono, akamega tonge, akalifikisha karibu na mdomo, halafu akatega sikio upande wa reli. Tonge likarudi sahanini. Akasimama, akasema kwa ile sauti ya puani, "Nakuja sasa hivi," akaondoka mbio. Watu wakaangua kicheko. Akarudi, akaigiza yuko kanisani, Padri ameinua hostia, treni inapiga honi, naye anainuka taratibu na kofia mkononi, "Nakuja sasa hivi." Mwisho akajilaza chali kama marehemu, mikono kifuani, kisha akafumbua jicho moja, akawaambia malaika wangoje kidogo, anakwenda kuangalia njia, anakuja sasa hivi.

Mama mdogo alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Alikuwa akilia na kucheka kwa mpigo, na wanawake waliomshika walikuwa wakicheka kuliko yeye. Mimi pia nilicheka. Nilicheka sana tu, mpaka simu yangu ilipoita.

Alikuwa Khalidi, fundi wangu mkubwa, Mrangi wa Kondoa niliyekusimulia habari zake. Nikainuka, nikajitenga hatua chache, nikaweka simu sikioni, akaanza habari za geti kubwa la mteja lililotakiwa siku ile, nikasema, "Nakuja sasa hivi."

Kicheko kilikatika. Anyesi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, koti la marehemu mwilini, mikono ameitandaza. Akauliza, "Jamani, tumezika nani? Mbona marehemu yule pale, amesimama?"

Kisha akaanza kuniigiza mimi. Akabana simu ya hewa kati ya sikio na bega, jicho moja amelifumba, mkono mmoja unachomelea na wa pili unasukuma sahani pembeni. Alinipata mpaka kikohozi. Halafu akajilaza, akajifunika, akageukia ukuta, na usingizini akauambia ukuta nakuja sasa hivi. Hilo la usingizini, dada, duniani anaweza kulijua mtu mmoja tu. Nikatupa macho jikoni kwa wanawake. Jenifa alikuwa ameinama anapuliza moto, na aliupuliza muda mrefu kuliko moto ule ulivyohitaji.

Nilikasirika. Nilikwenda nikamshika Anyesi mkono wa koti, nikamwambia avue nguo za baba yangu, na nikaongeza neno ambalo sitaliandika kwenye karatasi itakayoingia monasterini. Unajua maana ya kitendo kile. Kumkasirikia mtani msibani ni kuuvunja msiba, ni kama kumwambia marehemu kwamba hakuwa mtu wa kuchekwa wala kupendwa. Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu yangu. Mtu mzima kama mimi, mtoto wa Kigogo, nimemshika mtani mkono!

Anyesi hata hakuudhika. Alininyang'anya simu, akaitumbukiza kifuani, mahali ambapo hata mahakama haiwezi kuifuata, akawauliza wazee kama ana haki ya faini. Wazee wakasema anayo. Nikajua atataka mbuzi, nikaanza kuhesabu kichwani ni nani ana mbuzi karibu. Hakutaka mbuzi. Alisema faini yangu ni kukaa kwenye mkeka, mbele ya watu wote, na kula chakula atakachonipakulia mke wangu, tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, bila kuinuka.

Watu walidhani nimepona kirahisi. Mimi nilijua nimekwisha.

Jenifa alileta ugali na mlenda. Alinishikia maji ninawe, hakunitazama usoni. Nilikula. Ugali ulikuwa wa moto, na sikukumbuka mara ya mwisho kula ugali unaochoma vidole. Mlenda wake ulikuwa na karanga zilizosagwa, karanga zao za mwaka jana, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba niliona haya, kwa sababu mwanamke huyu amenipikia hivi miaka yote na mimi nimekuwa nikiula umepoa, nimesimama, sijui hata una ladha gani. Anyesi alikaa mbele yangu na lile koti, ananihesabia matonge kwa macho.

Nilipokuwa katikati, simu ikaita kifuani mwa Anyesi. Mkono wangu ukasimama hewani na tonge lake. Sikuuambia usimame. Watu wote wakanitazama, na Jenifa naye akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu afike. Anyesi akaichomoa simu, akaitazama kama mtu anayetazama mjusi, akaipokea, akasema kwa sauti ya stesheni nzima, "Zablon anakula."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Lakini mimi maneno yale yaliniingia mahali. Sikumbuki kama yamewahi kusemwa juu yangu. Zablon anachomelea, Zablon yuko saiti, Zablon anakuja, hayo nimeyasikia sana. Nikatia tonge mdomoni. Anyesi akasikiliza, akaitikia, kisha akatangaza kwamba Khalidi anasema Zablon ale taratibu, lile geti kubwa limekwisha kuchukuliwa, mwenye geti ameridhika na ameagiza jingine.

Nikuambie kweli, maana nisipokuambia wewe nitamwambia nani: niliumia. Mtu mwema angefurahi. Mimi nilitaka geti lile likatae kufunga, mteja agombe, Khalidi alie kwamba bila bosi haiwezekani. Kumbe inawezekana, tena vizuri. Nikajiuliza, kama geti linatoka bila mimi, mimi kazi yangu duniani ni ipi? Nikamaliza sahani kwa sababu ya faini tu. Simu nikarudishiwa, nikaitia mfukoni bila kuitazama.

Siku ya kuanua matanga nilimkuta mama mdogo amekaa barazani peke yake na lile koti magotini, anang'oa vifungo vyake ili abaki navyo, koti lenyewe ampe Anyesi. Nikamwomba radhi kwa nilivyovuruga. Akasema sikuvuruga kitu, kwamba Bartolomayo naye aliwahi kumkasirikia mtani kwenye msiba wa baba yake, na kwamba damu ni damu. Halafu akaniambia jambo ambalo nimekuwa nikilitafuna tangu siku ile. Alisema katika ndoa yao yote koti lile alilijua kuliko mwenye koti, alilifua, alilishona, alilisubiri. Ni masika haya ya mwisho tu, miguu ilipokataa kwenda relini, ndipo mzee alipokaa. Mwanzoni alinuna kama mtoto. Baadaye wakaanza kuzungumza. Walizungumza mvua nzima, mama mdogo anasema hajui maneno yale yote mzee alikuwa ameyaweka wapi. Na siku moja mzee alimwambia kwamba miaka yote aliogopa kukaa, kwa sababu alidhani akikaa mbele ya mkewe bila filimbi wala koti, mkewe ataona kwamba mle ndani hamna kitu.

Mama mdogo alinitazama, akaniuliza kama najua alimjibu nini. Nikasema sijui. Akasema alimjibu kwamba alikuwa mjinga, akampa chai.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Jenifa, alikuwa akifunga mzigo wake. Nikamwambia turudi Nkuhungu, nimeelewa. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba chakula kile nilikula kwa faini, na mtu wa faini hula hata asichopenda. Akapanda gari la kwenda Kongwa, njia ya kwao Mlali, nami nikabaki nimesimama.

Sasa, dada, nifike kwenye kile ninachotaka kukuambia, na nakuomba usinihurumie, nisome tu.

Unakumbuka tulivyoletwa Gulwe baada ya mazishi ya mama, wewe msichana mkubwa, mimi kitoto cha kamasi. Jirani mmoja alikuja kutupokea, akasema kwa mzaha kile wasemacho watu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wakacheka, baba mdogo naye akacheka, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini mimi nililichukua neno lile kama sheria. Sikungoja siku ya tatu. Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jogoo, nikafagia uwanja, nikateka maji, nikawapa kuku chakula, ili mtu asije akasema wale watoto wanakula bure. Hakuna aliyewahi kutuambia hivyo katika nyumba ile, hata mara moja. Wala haikuhitaji kusemwa, nilikuwa nikijiambia mwenyewe. Na jembe lile, dada, sijaliweka chini mpaka leo. Limebadilika tu likawa mashine ya kuchomelea. Kila sahani Jenifa aliyoniwekea mbele niliiona kama swali, umefanya nini leo ili ule hiki? Na kila mara nilihisi jibu halijatosha, nikarudi kuchomelea grili moja zaidi.

Nawe nakukumbuka. Nakukumbuka ukiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Sikuulizi kitu. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuona.

Nimekuwa na jambo hili tumboni tangu utoto na sikujua kwamba ni jambo, nilidhani ndiyo tabia yangu. Nililisema kwa mara ya kwanza juma lililopita, nikamwambia Jenifa, tukiwa tumekaa chini tunabangua karanga. Ndiyo, dada. Niko Mlali. Nilimkabidhi Khalidi funguo na simu yenyewe, nikafunga nguo zangu chache, nikaja ukweni kama kijana anayetafuta mchumba. Mkwe wangu aliponiona getini alijifunika kanga usoni kwa heshima, akapita nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo ananisemesha kupitia mbuzi. Anamwambia mbuzi kwamba maji ya kuoga yako tayari, mimi namshukuru mbuzi. Sijaambiwa nikae, sijaambiwa niondoke. Nimeng'oa karanga mpaka mgongo ukaomba amani, na sasa nazibangua, ndiyo maana vidole vimevimba na mwandiko uko kama unavyouona.

Utasema, Zablon, umeacha jembe moja umeshika jingine. Nami nilijiuliza hivyo. Ila hapa kuna tofauti moja. Jua likisimama utosini Jenifa anasema basi, na mimi naacha. Siku ya kwanza nilikaa kivulini sina ninachofanya, nikingoja mtu aniulize ninakula kwa kazi gani. Hakuna aliyeuliza. Jenifa alinipa kikombe cha uji, akakaa karibu, akaanza kunisimulia ugomvi wa majirani wawili juu ya nguruwe, hadithi ndefu isiyo na kichwa wala mkia, nami niliisikiliza yote. Kumbe mke wangu ni mchekeshaji. Wewe ulijua?

Nilipomwambia habari ya jembe aliendelea kubangua, maganda yanadondoka. Kisha akasema kama angekuwa anataka geti angeolewa na Khalidi. Nami sikumwomba zaidi.

Sijui kama atarudi Nkuhungu, na sitaki kukuandikia furaha ambayo bado sijapewa. Ila jana alikuwa akichagua karanga za mbegu, zile nzuri zenye ngozi nyekundu, akazifunga pembeni kwenye kitambaa, akaniuliza kama lile rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana linaweza kuondolewa, kwa sababu udongo wa pale, alivyouangalia zamani, haukuwa mbaya. Nikasema linaweza. Akasema haya. Usiku mzima nilikuwa nikiliondoa rundo lile kichwani, chuma kimoja kimoja.

Tuombee, dada. Usimsahau baba mdogo kwenye Misa, na mwombee aketi huko aliko. Mama mdogo anakusalimu na anasema koti limemkaa Anyesi vizuri. Watoto wanakusalimu, mkwe wangu anakusalimu kupitia mbuzi. Jenifa anasema wifi yake ajitunze, asifunge kupita kiasi. Nilikuwa nataka pia nikueleze habari za paa la kanisa la Gulwe na namna tulivyo

Jenifa ananiita. Ugali umeiva, namwona kutoka hapa akifunika sahani mbili. Paa la kanisa litangoja. Nakwenda kula.

Ni mimi mdogo wako,
Zablon